Karai Kwanza, Menyu Baadaye

Ukiishi Chang'ombe ya Dodoma, huna haja ya kuambiwa sambusa ni nini. Ikifika saa kumi na moja jioni jua linaanza kulegea, majiko yanatolewa nje, mkaa unapepewa, na harufu ya kitunguu kwenye mafuta ya alizeti inakupokea tangu unaposhuka kwenye bodaboda. Bajia, kachori, sambusa, chapati, na kachumbari ya kusindikizia. Vyote vilitufikia kupitia kwa Wahindi, na leo mpishi wake ni mama wa Kigogo au wa Kirangi ambaye hana habari na Gujarat wala Kutch kule India. Kwa hiyo mwongozo huu haukutambulishi chakula kigeni. Umeandikwa kwa yule anayevijua vitu hivi kwenye beseni la jirani, halafu siku moja anaalikwa mjini kwenye mkahawa wa Kihindi wa vitafunwa, anakabidhiwa menyu ya kurasa nne, anaikodolea macho, kisha anaagiza chipsi kuku.

Chipsi kuku si dhambi. Ila umelipa nauli kwenda kula kitu ambacho ungekipata kona ya kwenu, na pengine cha kwenu ni kitamu zaidi.

Nianze na jambo moja ambalo mengine yote yanalitegemea: chakula cha Kihindi cha mtaani kinaliwa kwa saa. Kuna kitu cha kuliwa kabla hujamaliza kumeza mate, kuna cha robo saa, kuna kinachoweza kukusubiri umalize maongezi, na kuna cha kubeba hadi kesho. Kitu kilekile kikiliwa nje ya muda wake huwa kibaya, na mlaji hulaumu viungo au humlaumu mpishi. Ukilishika hilo, menyu ya kurasa nne haikutishi tena. Unatazama karai linafanya nini, ndipo unaagiza.

Anzia kwa jirani

Mazoezi hayalipiwi kiingilio. Kabla hujaenda mjini, simama mbele ya karai la mtaani kwenu, na kabla ya kuuliza bei uliza umri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikufungie ngapi?"

"Hizi za saa ngapi?"

Mama ataangalia beseni, kisha atakuangalia wewe. Akiwa mkweli atasema, "Hizo za tangu alasiri. Ngoja kidogo, naingiza nyingine." Ngoja. Wala usione haya. Muuzaji mzuri hufurahia mteja wa namna hiyo kuliko yule anayenunua zilizopoa halafu anakwenda kumsema.

Ukiwa unangoja, sikiliza. Donge la bajia likitumbukia kwenye mafuta huzama kidogo, kisha huibuka limezungukwa na povu na kelele nyingi. Kelele hiyo ni maji yaliyomo kwenye unga yanayogeuka mvuke na kutoroka. Dakika zikipita, povu hupungua, sauti hushuka, na rangi huanza kukolea kuelekea hudhurungi. Mpishi hodari anaitoa hapo sauti inapofifia, wala hatazami saa. Ikitoka, mvuke uliobaki ndani unaendelea kutafuta njia ya nje, unapita kwenye ganda na kulilainisha. Ndiyo maana bajia ya dakika tano inavunjika kwa mlio, na ya nusu saa inakunjika kama sponji. Ukifungiwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, nusu saa hiyo inakuwa dakika mbili. Omba karatasi nyeupe au bahasha ya kaki, mdomo ukiwa wazi. Gazeti likatae, maana wino wake haukutengenezwa kuliwa.

Mafuta nayo yana umri. Yakitoa moshi kabla kitu hakijaingia, yakiwa meusi ti, au povu likikaa juu bila kupasuka na harufu ikakukwaruza koo, hayo yamepikia mengi. Mkoa wa Dodoma na jirani yake Singida ndiko kwenyewe kwa alizeti nchini, kwa hiyo kisingizio cha kukosa mafuta mazuri hapa kwetu ni chembamba.

Mjini, na jinsi ya kujua umeingia wapi

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, enzi za Wajerumani, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja nayo. Kata ya Madukani, katikati ya jiji, inajieleza kwa jina lake. Baadaye, mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, Wahindi wengi wa Tanzania waliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Chakula chao kilikwishahamia kwenye majiko ya wengine, na waliobaki waliendelea kupika cha kwao. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kwa vitendo, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, watu wameongezeka na midomo imeongezeka.

Mkahawa wa Kihindi, uwe Dodoma au Dar es Salaam, kwa kawaida uko katika moja ya koo mbili, na ni muhimu ujue umeingia ukoo upi kabla hujafungua kinywa.

Ukoo wa kwanza ni wa mboga tupu. Wenyewe mara nyingi ni Wahindu, na humo nyama, samaki, na mara nyingi hata yai, haviingii. Ukiona picha ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, karibu na mahali pa kulipia, basi uko huko au karibu na huko. Baadhi yao hawatii hata kitunguu na kitunguu saumu, kwa sababu za dini. Hapo usiulize kama kuna mishkaki, na tafadhali usiingie na mishkaki uliyonunua nje ukitaka kuongezea. Naona watu wanaichukulia kama utani. Kwa mwenye mkahawa, sahani zake zimechafuliwa.

Ukoo wa pili ni wa Waislamu: Makhoja, Mabohora, Masuni. Humu ndimo utakuta mishkaki, kababu, kuku sekela, sambusa za nyama ya kusaga na biriani, vyote halali, na bia hakuna. Mwezi wa Ramadhani wengi hufunga mchana na kufungua jioni, na hiyo jioni ndiyo saa yao bora ya mwaka mzima: karai halipoi, foleni haikatiki, na kila kitu unachopewa kimetoka motoni sasa hivi.

Kuhusu foleni, mkazi wa Dodoma ana kalenda yake ya ziada. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo meza za mjini zinajaa mapema. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi nasema nenda wakati huohuo, ila uwahi, saa kumi na moja au kumi na mbili, maana mkahawa wenye wateja wengi hauna bajia iliyolala. Mahali patupu saa mbili usiku, na kabati la kioo limejaa sambusa zimepangwa vizuri, jiulize zinamngoja nani.

Ukifika, salimia. Mzee wa Kihindi aliyekaa kaunta ana uwezekano mkubwa wa kuwa kizazi cha tatu au cha nne hapa nchini, na Kiswahili anakijua vizuri kuliko unavyodhani. Mpe shikamoo yake kama mzee mwingine yeyote. Kumkatia Kiingereza cha kuungaunga ni kumwambia kwamba ni mgeni, naye si mgeni.

Agiza kwa awamu

Kosa la kawaida ni kuagiza vyote kwa mkupuo. Meza inajaa, unaanza na unachokijua, na vile vya kuliwa upesi vinafia mbele yako. Agiza sahani moja au mbili, mle wote, kisha mwite mhudumu tena. Akikunja uso, mwambie kwa upole kwamba mnakula taratibu. Kwenye mikahawa ya aina hii watu hugawana sahani. Hakuna anayeinama peke yake juu ya chakula chake.

Anza na chenye maisha mafupi kuliko vyote, yaani panipuri. Ni kijiduara cha unga kilichokaangwa kikavimba, ganda lake jembamba, ndani kitupu. Mhudumu anakitoboa juu kwa kidole gumba, anatia kiazi kilichopondwa na dengu kidogo, anadondosha chatini ya ukwaju, kisha anakijaza maji baridi ya nanaa, kotimiri, pilipili na chumvi nyeusi, ile yenye harufu kama ya yai. Kuanzia hapo una sekunde tu. Ganda linalowa. Kitie kizima mdomoni, funga midomo, ndipo utafune. Ukikiuma nusu, maji yote yatakuwa kwenye shati lako. Usikiweke mezani kwanza ili upige picha, na simu ikiita iache iite. Kama mkahawa unaleta sahani ya viduara sita na maji yake kwenye bakuli pembeni, usivijaze vyote kwa pamoja. Jaza kimoja, kula, jaza kingine.

Hapa naweka onyo, na si la kupuuzwa. Maji ya panipuri hayachemki tena yakishachanganywa, na yana majani mabichi ndani. Dodoma ni nchi kavu, maji huhifadhiwa kwenye matangi na madumu, na homa ya matumbo si hadithi kwetu. Uliza wazi: "Maji yenu ni ya kuchemsha au ya chupa?" Mhudumu anayejua atajibu palepale. Akianza kutazama jikoni kutafuta jibu, achana na panipuri siku hiyo, uhamie kwenye kitu kilichotoka kwenye mafuta ya moto. Swali hilohilo liulize kuhusu barafu ya juisi ya miwa.

Kinachofuata ni bhelpuri na jamaa zake wote wanaoitwa kwa jumla chaat. Bhelpuri ni bisi za mchele, tambi nyembamba za dengu, kiazi, kitunguu, nyanya, kotimiri, na chatini mbili, ya ukwaju na ya kijani. Ikiwa kavu ni kitu cha kawaida, ikilowa ni uji. Utamu wake uko kwenye zile dakika chache ambapo nusu ya bisi imelainika na nusu bado inalia. Waombe wachanganye mbele yako, au walete chatini pembeni uchanganye mwenyewe. Wanaouza chaat kwenye ufukwe wa Chowpatty kule Mumbai huchanganya mteja akiwa amesimama, wala si kwa maonyesho. Usipoipata mkahawani, nunua chauro dukani, ukate kitunguu na nyanya, ukamulie ndimu, utie ukwaju. Haitakuwa sawasawa, lakini itakusogeza. Pakiti zinazotoka India zina kinukta cha kijani ndani ya mraba kuonyesha hazina nyama. Alama hiyo itamfaa mtu akikutembelea naye hali nyama.

Baada ya hapo rudi kwenye karai. Majina yanaweza kukuchanganya, kwa hiyo nikuelekeze. Bajia ya kunde iliyosagwa na kitunguu, kama unayoila Chang'ombe, huenda usiikute. Kwenye menyu nyingi za Kihindi bajia ni vipande vyembamba vya kiazi vilivyochovywa kwenye unga wa dengu. Nairobi wanazienzi sana, na zimekwenda mbali: familia moja iliyotoka Kenya ilifungua mkahawa wa Maru's Bhajia House huko Wembley, London, miaka ya 1970, kwa kitu hichohicho. Mitaa hiyo ya Wembley ndiko Wagujarati waliotoka Afrika Mashariki wanakouza muhogo wa kukaanga wenye pilipili na kuuita mogo. Na ile unayoiita kachori, yaani kiazi kilichopondwa kwa ndimu na pilipili, kikaviringwa na kuchovywa unga wa dengu, kwenye menyu itafute kwa jina la batata vada. Ukiagiza kachori utaletewa kitu kingine, kidonge cha unga wa ngano chenye choroko au njegere ndani. Ni kitamu, ila sicho ulichokuwa unakitaka.

Sambusa ziko za aina mbili. Ya manda, nyembamba, ya pembe tatu bapa, yenye nyama ya kusaga, ndiyo ya kwetu na ya Waislamu wa Kihindi. Nyingine ni nene, imesimama kama kilima, tumboni ina kiazi na njegere na bizari nyembamba nzimanzima. Hiyo nene hushika joto muda mrefu, na ndiyo inayowaunguza watu ulimi. Ng'ata pembe moja, acha mvuke utoke, kamulia ndimu kwenye tundu hilo, kisha tia chatini ndani badala ya kuichovya kwa nje. Ganda linabaki kavu na ladha inaingia panapohusika.

Vinavyoweza kusubiri

Ukishatuliza njaa kwa vya haraka, maongezi yakianza kunoga, agiza kizito. Pav bhaji ndiyo ya watu wenye habari nyingi za kuzungumza: mboga mchanganyiko zilizopikwa na kupondwapondwa kwenye bati pana pamoja na siagi, zikaletwa na skonzi zilizopakwa siagi na kuchomwa. Haipoi haraka, haiharibiki kwa kuchelewa, unachota kwa kipande cha mkate taratibu. Asili yake inahusishwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Mumbai, waliohitaji kitu cha haraka cha kushibisha. Kwenye orodha hiyohiyo ukiona dabeli, ijaribu. Ni skonzi iliyojazwa kiazi chenye viungo, karanga na komamanga, na wenyewe wanasema ilizaliwa Mandvi, bandari ya Kutch. Majahazi ya Mandvi ndiyo yaliyokuwa yakija Zanzibar na pepo za kaskazi, na jamii nyingi za Kihindi za pwani yetu zina asili ya huko. Karanga za uwanda wetu wa kati zinaifaa dabeli sana.

Dosa ni habari nyingine. Inatoka India ya Kusini, ni chapati nyembamba pana ya mchele na dengu nyeusi zilizosagwa na kuachwa usiku kucha ziumuke, halafu ikapakwa kwenye bati la moto hadi ikawa ya kahawia. Iagize wakati meza imeshaondolewa sahani nyingine, kwa sababu ikifika inakutaka mara moja. Anza na kingo, ambako ni kavu, ukielekea katikati kwenye kiazi. Mchuzi wake, sambari, una mbaazi, na hapo mkulima wa Kondoa anahusika moja kwa moja. India ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu. Mwaka 2017 ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingiza, bei ilianguka huku hadi watu wakaziacha shambani. Mkahawani kibakuli hicho cha mchuzi mara nyingi huongezwa bila malipo, kwa hiyo omba tena.

Na ukikuta mahali wanapika mikate ya uwele, acha yote uliyokuwa unayafikiria, agiza hiyo. Wagujarati wa Saurashtra na Kutch wanaishi kwenye nchi kame kama yetu, na uwele ni nafaka yao kama ilivyo ya Wagogo. Sisi tunausongea ugali na kuula kwa mlenda. Wao wanaukanda kwa maji ya moto, wanaupiga kwa viganja ukawa mkate mnene, wanauchoma, wanaupaka samli na kuula kwa chatini ya kitunguu saumu. Bibi wa Kigogo akikalishwa mbele ya mkate huo hataona ugeni wowote isipokuwa samli. Mikahawa michache inaupika kwa sababu wateja wanadhani ni chakula cha kimaskini. Ukiuliza mara kwa mara, huenda wakaanza.

Chatini, pilipili, na mkono

Chatini ya kahawia ni ya ukwaju na sukari guru. Ni tamu na chachu, na inafaa karibu kila kitu. Ya kijani ni kotimiri, nanaa na pilipili mbichi. Hiyo ina meno. Nyeupe ni ya nazi. Nyekundu ya kitunguu saumu ionje kwa ncha ya kidole kwanza. Usimwage chatini juu ya kitu kilichokaangwa kikavu. Kitalowa kabla hujageuka. Achari ni ya kusindikiza, kijipande kidogo kwa tonge kubwa, wala si kachumbari ya kujazia kijiko.

Pilipili ikikuzidi, maji hayatakusaidia, yataisambaza tu. Kunywa mtindi, lasi au maziwa, kwa sababu kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa hukibeba. Lasi ya chumvi na bizari nyembamba nayo inakata, ingawa ya maembe ndiyo inayoagizwa na kila mtu. Wenye mzio wa karanga waseme tangu mwanzo, maana karanga huingia mpaka kwenye chatini.

Kula kwa mkono wa kulia. Hilo Mgogo, Mswahili na Mhindi wote wanakubaliana, kwa hiyo sina la kukufundisha, isipokuwa kwamba kuomba uma kwa ajili ya sambusa kutakuchekesha wewe mwenyewe.

Kama una safari

Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, umbali wa Chang'ombe hadi mitaa ya Kisutu na Upanga ukawa wa asubuhi moja. Huko ndiko chaat inakopatikana kwa wingi, na ndiko utaona familia zikila jioni ndani ya magari yao nje ya mkahawa, sahani zikipitishwa dirishani. Lakini ukiniuliza mimi, chakula cha mtaani chenye asili ya Kihindi kilichofikia kilele Tanzania hakiko kwenye mkahawa wowote wa Kihindi. Ni urojo wa Zanzibar. Ndani ya bakuli moja kuna rojo ya manjano yenye uchachu wa embe au ndimu, viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki, yai, chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo. Aliyeubuni alielewa vizuri suala la dakika: vitu laini vimewekwa chini vinywe rojo, vikavu vimewekwa juu vife mwisho. Siku hizi unauzwa hadi bara. Ukiuagiza popote, sema muhogo utiwe mwishoni kabisa, wakati bakuli liko mkononi mwako tayari.

Na mlangoni, ukitoka kula mjini Dar, utakuta anayekunja tambuu. Ya matamu matamu, yenye nazi na karafuu, bila popoo na bila tumbaku, jaribu ukitaka. Yenye popoo iache: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka popoo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2004.

Kufungiwa

Mwisho wa meza, dai risiti, kisha fikiria kilichobaki. Panipuri na bhelpuri hazifungwi, kinachobaki kimekwisha. Dosa inabebeka, ila itafika nyumbani ikiwa chapati ya maji. Sambusa na batata vada zinasafiri vizuri kama zikipoa kwanza kabla ya kufunikwa, na kesho yake zipashwe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, zikigeuzwageuzwa, bila kuongeza mafuta. Pav bhaji inalala kwenye friji na kuamka ikiwa tamu zaidi, lakini skonzi nunua mpya. Chatini zote ziombe kwenye vikopo vyake, mbali na vitu vya kukaanga. Ya ukwaju itakaa siku kadhaa. Ya nazi, kwa joto letu na kama huna friji, ile usiku huohuo. Ukiikuta asubuhi, imwage.